Kodi Katika Kibubu cha Mtoto



Kodi ya mapato imejengwa juu ya kanuni moja iliyo rahisi kuitamka: kila mtu atoe kwa kadiri ya uwezo wake. Aliyepata kingi hutoa kingi, aliyepata kidogo hutoa kidogo, na yule ambaye pato lake halikufikia kiwango kilichowekwa na sheria hatoi chochote. Ni vigumu kuiona Serikali ikitangaza hadharani kwamba itamtoza kodi ya mapato mtu ambaye kwa kanuni hiyo hastahili kutozwa. Hata hivyo jambo hilo limetokea, limedumu kwa miaka mingi, na miongoni mwa waliotozwa walikuwamo watu wasioweza hata kuandika barua ya kulalamika. Watu hao walikuwa watoto wenye akiba benki.

Mazungumzo haya yanahusu hasa nchi ya Uingereza. Huko ndiko jambo hilo lilikojadiliwa Bungeni, likarekebishwa mara mbili kwa sheria, na kumbukumbu zake zipo wazi kwa kila anayetaka kujifunza. Mwishoni yatagusa Afrika ya Mashariki, kwa sababu njia ya kukata kodi iliyozaa matatizo hayo inatumika pia Tanzania na Kenya, na watumishi wa umma ndio wanaoiendesha.

Kwanza kabisa yafaa ieleweke kwamba katika sheria ya Uingereza mtoto ni mlipa kodi anayejitegemea. Tangu siku anapozaliwa anayo haki ya kupata kiasi cha pato kisichotozwa kodi, sawasawa na mtu mzima. Katika mwaka wa kodi wa 1990 hadi 1991 kiasi hicho kilikuwa pauni 3,005. Katika mwaka wa 2015 hadi 2016 kilikuwa pauni 10,600. Mtoto mwenye pauni 200 katika kitabu cha akiba, zinazozaa riba ya pauni 10 kwa mwaka, yuko mbali sana na viwango hivyo. Kwa mujibu wa kanuni, kodi anayodaiwa ni sifuri.

Liko sharti moja kubwa. Fedha ambayo mtoto amepewa na mzazi wake, ikizaa riba inayozidi pauni 100 kwa mwaka, riba hiyo huhesabiwa kuwa ni pato la mzazi na mzazi ndiye hutozwa. Shabaha ya sharti hilo ni kuwazuia matajiri wasigawe mali zao kwa majina ya watoto ili kuikwepa kodi. Lakini fedha inayotoka kwa babu, bibi, shangazi au mjomba haiguswi na sharti hilo, wala haiguswi akiba ndogo ndogo ya mzazi wa kawaida. Kwa hiyo watoto walio wengi hawakudaiwa kodi yo yote kwa mujibu wa kanuni ile ya uwezo. Swali ni hili: ilikuwaje basi wakatozwa?

Jibu limo katika njia iliyotumika kukusanya kodi. Uingereza ilianza kutoza kodi ya mapato mwaka 1799, wakati William Pitt alipotafuta fedha za kupigana vita na Ufaransa. Tangu mwanzo huo wenye pato lililo chini ya pauni 60 kwa mwaka walisamehewa. Mwaka 1803 Henry Addington alileta mabadiliko makubwa: badala ya kumngoja kila mtu atangaze pato lake, kodi ilianza kukatwa kwenye chanzo, yaani kwa yule anayelipa, kabla fedha haijamfikia anayelipwa. Kila mwenye mshahara anaifahamu njia hiyo. Fedha ya Serikali huondoka kwanza, na kinachobaki ndicho humfikia mfanyakazi.

Njia hiyo ina manufaa mengi, na si haki kuibeza. Ni rahisi, haihitaji jeshi kubwa la makarani, na humnyima mwenye hila nafasi ya kuficha. Lakini ina upungufu mmoja wa asili. Anayekata kodi hamjui anayekatwa. Mwajiri anamjua mfanyakazi wake na mshahara wake, kwa hiyo anaweza kukata kiasi kinachostahili. Benki inajua tu kwamba akaunti fulani imezaa riba fulani. Haijui kama mwenye akaunti ni mkurugenzi, mjane, mzee aliyestaafu au mtoto wa miaka mitano. Isipoambiwa, itamkata kila mtu kama mwenzake.

Mwaka 1894 Idara ya Mapato ya Uingereza ilifanya mapatano na vyama vya akiba na mikopo ya nyumba, ambavyo ndivyo vilivyotunza akiba za watu wa kawaida kwa wingi. Badala ya kupekua pato la kila mwanachama, ilikubaliwa kwamba chama kilipe kodi kwa niaba ya wote. Baadaye utaratibu huo ulikuwa na kiwango kimoja cha wastani, kilichopigiwa hesabu ili Hazina ipate jumla ile ile ambayo ingepata kama kila mmoja angetozwa peke yake. Katika wastani huo walichanganywa wote, wanaodaiwa kodi na wasiodaiwa. Na kwa kuwa kodi ilihesabiwa kuwa imekwisha kulipwa na chama, aliyekuwa hadaiwi hakuruhusiwa kurudishiwa hata peni moja.

Kwa miaka mingi utaratibu huo uliishia kwenye vyama hivyo. Ndipo Sheria ya Fedha ya mwaka 1984, chini ya Waziri wa Fedha Nigel Lawson, ilipouingiza katika mabenki ya biashara kuanzia tarehe 6 Aprili 1985. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kiutawala na za ushindani: kuweka mabenki na vyama katika hali moja, na kupunguza kazi na idadi ya watumishi wa Idara ya Mapato. Hizo si sababu za kipuuzi. Lakini kuanzia siku hiyo mtoto aliyepeleka kibubu chake benki alikuta kodi inamngoja huko huko dirishani.

Hesabu ndogo itaonyesha jambo lenyewe. Katika mwaka wa 1990 hadi 1991 kiwango cha kawaida cha kodi kilikuwa asilimia 25, na kile cha wastani kilikuwa asilimia 22. Chukua watu wawili, mfanyakazi na mtoto, ambao kila mmoja akiba yake imezaa pauni 10. Benki inapeleka Hazina pauni 2 na peni 20 kwa kila mmoja, na kila mmoja anapewa pauni 7 na peni 80. Mfanyakazi, ambaye kwa kawaida angedaiwa pauni 2 na nusu, anahesabiwa kuwa amemaliza deni lake. Amepata nafuu ya peni 30. Mtoto, ambaye hakudaiwa kitu, amepoteza pauni 2 na peni 20, na sheria inamkataza kuzidai. Hazina haikupata zaidi ya haki yake kwa jumla. Kilichotokea ni kwamba nafuu ya mkubwa ililipwa kutoka katika akiba ya mdogo.

Jambo hili lilitokea katika miaka ile ile ambayo mabenki yalishindana kuwavuta watoto. Kuanzia mwaka 1983 benki ya NatWest iliwapa watoto waliofungua akaunti vibubu vya kauri vya umbo la nguruwe, familia nzima ya nguruwe watano, na mtoto aliongezewa mmoja baada ya mwingine kadiri akiba yake ilivyokua. Watoto wengi wakajifunza kuweka akiba kwa njia hiyo. Wachache sana waliambiwa kwamba sehemu ya riba yao ilikwenda Hazina.

Palikuwa na mlango mmoja wa kutokea. Akiba za Taifa, ambazo ziliendeshwa na Serikali yenyewe kupitia posta, hazikuingizwa katika utaratibu wa wastani. Akaunti ya uwekezaji huko ililipa riba nzima bila makato, na katika akaunti ya kawaida pauni 70 za kwanza za riba hazikutozwa kodi kabisa. Mzazi aliyefahamu hayo alihamisha fedha ya mtoto wake. Asiyefahamu aliiacha pale pale, ikaendelea kukatwa.

Utaratibu huo ulizidi kuwa mgumu kutetewa ilipofika Aprili 1990. Mwezi huo sheria ya Uingereza iliacha kuhesabu pato la mke kuwa ni la mume, na kila mke akapata kiasi chake mwenyewe kisichotozwa kodi. Wake wengi wasio na ajira wakawa katika hali ile ile ya watoto: sheria moja inawaambia hawadaiwi, na sheria nyingine inawakata. Katika Bajeti ya Machi 1990 Waziri wa Fedha John Major alitangaza kwamba kiwango cha wastani kitafutwa, na kikafutwa kuanzia tarehe 6 Aprili 1991.

Ndugu wasikilizaji, hapo mtu angeweza kudhani kwamba haki imetendeka na habari imekwisha. Haikuwa hivyo. Kilichofutwa ni kodi isiyorudishwa. Makato yenyewe yalibaki. Kuanzia mwaka 1991 benki iliendelea kumkata kila mwenye akiba kwa kiwango cha kawaida, ambacho kwa riba ya akiba kiliteremshwa kuwa asilimia 20 kuanzia Aprili 1996. Asiyedaiwa kodi alipewa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kujaza fomu iliyoitwa R85 na kuipeleka benki ili alipwe riba nzima. Njia ya pili ilikuwa kukubali kukatwa, kisha kuomba kurudishiwa kwa fomu nyingine iliyoitwa R40.

Kwa maandishi, haki ilikuwepo. Mtoto hakudaiwa kodi na sheria ilikiri hivyo. Lakini haki hiyo ilifungwa ndani ya fomu, na fomu ilimngoja mtu mzima aikumbuke. Mzazi au mlezi ndiye aliyetia sahihi kwa mtoto aliye chini ya miaka 16. Kila akaunti ilitaka fomu yake, kwa hiyo aliyejaza katika benki moja kisha akafungua akaunti ya pili bila fomu, alikatwa katika ile ya pili. Mtoto alipofika miaka 16 alitakiwa aandike fomu mpya kwa sahihi yake mwenyewe, na kijana wa umri huo ana mambo mengi kichwani kuliko fomu za kodi. Bibi aliyemfungulia mjukuu akaunti mara nyingi hakuwa na habari ya fomu yo yote.

Mtu anaweza kuuliza: kwani ni fedha kiasi gani? Pauni 10 za riba zikikatwa asilimia 20 ni pauni 2. Kwa miaka 10 ni pauni 20, bila kuhesabu riba ambayo pauni hizo nazo zingezaa. Udogo huo wa fedha ndio uliofanya makosa hayo yaendelee kwa muda mrefu. Hakuna mzazi anayemwajiri wakili kwa ajili ya pauni 2. Hakuna karani anayeshtuka kwa pauni 2. Zinapokatwa katika akaunti moja hazionekani, na zinapokatwa katika akaunti nyingi huwa ni fedha ya kutosha kuonekana katika vitabu vya Hazina.

Tena, wasiojaza fomu hawakuwa watu wa namna moja na waliojaza. Familia yenye mhasibu haisahau fomu. Familia iliyozoea ofisi na karatasi haiogopi kuomba kurudishiwa. Inayosahau na inayoogopa ni familia ya mzazi anayefanya kazi usiku, ya mgeni asiyeijua vema lugha ya fomu, ya mlezi mzee. Kwa sababu hiyo kodi ambayo kwa sheria ilikuwa sifuri kwa watoto wote, kwa vitendo ikawa sifuri kwa baadhi na asilimia 20 kwa wengine, na kilichowatenganisha kilikuwa ni ujuzi wa wazazi wao.

Katika miaka hiyo hiyo mlipaji mwingine mwenye nguvu alikuwa na shauri lake na Idara ya Mapato, na inafaa kulitazama kwa kulinganisha. Mwaka 1986, Serikali ilipobadili tarehe za vyama vya akiba kulipa kodi, ilitoa kanuni za kipindi cha mpito. Chama cha Woolwich kiliziona kanuni hizo kuwa zinavuka mipaka ya sheria. Kililipa karibu pauni milioni 57, huku kikitamka kwamba kinalipa bila ya kukubali kuwa kinadaiwa, kisha kikaenda mahakamani. Mwaka 1987 Mahakama Kuu ilisema kanuni hizo hazina nguvu ya sheria, na chama kikarudishiwa fedha zake. Lakini Idara ilikataa kulipa riba ya kipindi ambacho fedha hizo zilikaa mikononi mwake kabla ya hukumu. Riba hiyo ilizidi pauni milioni 6. Woolwich kikaendelea na shauri hadi Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa. Mwaka 1992 majaji watatu kati ya watano waliamua kwamba fedha iliyodaiwa na mamlaka ya Serikali bila idhini ya sheria lazima irudishwe kama haki ya mlipaji, wala si kama hisani ya Idara, na kwamba riba yake nayo ilipwe.

Hukumu hiyo ni ya maana kubwa na husomwa na wanasheria hadi leo. Lakini inafaa kuangalia pia kilichotokea kando yake. Mwaka 1991 Bunge lilipitisha sheria iliyozihalalisha zile kanuni kwa kurudi nyuma, isipokuwa kwa Woolwich, kwa kuwa chenyewe kilikwisha kushtaki. Vyama vingine vitatu vililalamika katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mjini Strasbourg, na mwaka 1997 vikashindwa. Aliyewahi alipata. Waliochelewa walikosa, ingawa walikuwa ni vyama vikubwa vyenye mawakili. Ikiwa chama chenye mamilioni kinaweza kukosa haki yake kwa kuchelewa, mtoto mwenye pauni 200 atasimama wapi?

Kwa mtoto pia palikuwa na suala la muda. Kuanzia mwaka 2010 kodi iliyolipwa bila kudaiwa iliweza kuombwa katika miaka minne tu tangu mwisho wa mwaka wa kodi unaohusika. Mtoto aliyeanza kukatwa akiwa na miaka mitatu, kisha akaligundua jambo hilo akiwa na miaka 18, alikuta miaka mingi imekwisha kufungwa. Alikuwa amechelewa kudai haki ambayo hakuwa na umri wa kuidai.

Dawa ilipatikana tarehe 6 Aprili 2016. Siku hiyo mabenki na vyama vya akiba vya Uingereza viliacha kukata kodi katika riba za akaunti za akiba. Kila mlipaji wa kiwango cha kawaida aliruhusiwa kupata riba ya pauni 1,000 kwa mwaka bila kodi, wa kiwango cha juu pauni 500, na wenye mapato makubwa kabisa hawakupewa kitu. Benki hupeleka taarifa za riba kwa mamlaka ya kodi, na anayedaiwa hutafutwa na mamlaka hiyo. Hakuna fomu ambayo mtoto huyu anatakiwa kuijaza ili aachwe na fedha yake. Lakini makato ya mwaka wa mwisho wa utaratibu ule wa zamani yaliweza kudaiwa hadi Aprili 2020 tu. Ambayo hayakudaiwa yamebaki Hazina.

Katika historia hiyo zimo namna tatu za kuchukua fedha isiyostahili, na mtumishi wa umma anapaswa kuzitofautisha. Namna ya kwanza ni kuchukua bila sheria, kama alivyotendewa Woolwich, na dawa yake ni mahakama. Namna ya pili ni kuchukua ambapo sheria yenyewe inasema hapana deni, lakini utaratibu wa kazi unakata kwanza na kungoja malalamiko. Hiyo ndiyo iliyotawala tangu 1991 hadi 2016, na dawa yake ni kugeuza utaratibu ili Serikali ndiyo imtafute anayedaiwa, badala ya asiyedaiwa kuitafuta Serikali. Namna ya tatu ni kuchukua kwa sheria kamili, lakini sheria ambayo haikumfikiria aliye mdogo. Hiyo ndiyo ile ya kabla ya 1991, na dawa yake iko Bungeni.

Sasa yafaa kuitazama Afrika ya Mashariki. Nchini Tanzania, chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, benki inapomlipa mtu binafsi mkazi wa nchini riba ya akiba yake hukata asilimia 10 na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Kwa mtu asiyefanya biashara kwa akiba hiyo, makato hayo ni kodi ya mwisho: hayaingii katika hesabu nyingine na hayarudishwi kwa sababu ya udogo wa pato. Kenya inao utaratibu wa namna hiyo hiyo kwa riba za benki za watu binafsi, na kiwango chake ni asilimia 15. Benki katika nchi hizo zote mbili hufungua akaunti za watoto, na walimu wengi huwahimiza wazazi wazifungue.

Ni lazima kusema wazi kwamba karani wa benki anayekata asilimia 10 hiyo hakukosea. Ametekeleza sheria. Kwa hiyo jambo hili si la namna ya kwanza wala ya pili. Ni la namna ya tatu. Mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi haukatwi kodi nchini Tanzania tangu Julai 2020, kwa kutambua kwamba mwenye kidogo aachiwe. Lakini mtoto aliyewekewa shilingi 100,000, zikazaa riba ya shilingi 4,000, anakatwa shilingi 400 kuanzia shilingi yake ya kwanza.

Zipo hoja za kuutetea utaratibu huo, na zisikilizwe. Kiwango cha asilimia 10 ni kidogo. Hauhitaji fomu, kwa hiyo haumbagui asiyejua kusoma fomu. Unamzuia tajiri asigawe mamilioni yake kwa majina ya watoto. Na kujenga ofisi ya kurudisha shilingi 400 kwa kila mtoto kungegharimu zaidi ya hizo shilingi 400. Kwa hakika somo la Uingereza si kwamba Tanzania na Kenya zilete fomu za kurudishiwa. Fomu hizo ndizo zilizoshindwa huko. Somo ni kwamba msamaha wenye maana ni ule unaofanya kazi wenyewe. Ule utaratibu wa zamani wa Akiba za Taifa, wa kuziachia pauni 70 za kwanza za riba bila kumdai mtu fomu, ni mfano unaofaa kuchunguzwa na wanaotunga sheria. Kiwango kidogo kikiwekwa kwa akaunti zilizosajiliwa kwa jina la mtoto, benki itajua mwanzo na mwisho wake bila kuuliza swali, na tajiri mwenye mamilioni hataweza kujificha ndani yake.

Kwa wakati uliopo, kila mmoja analo la kufanya mahali alipo. Mwalimu wa hesabu anapofundisha asilimia, achukue taarifa ya akaunti na kuwaonyesha wanafunzi mistari mitatu: riba iliyozaliwa, kodi iliyokatwa, na kiasi kilichobaki. Mtoto akijifunza kupiga hesabu hiyo akiwa darasa la tano, hatahitaji miaka 15 kugundua amekatwa nini na kwa sheria gani. Mzazi apitie taarifa ya akaunti ya mwanawe walau mara moja kwa mwaka, na akiona makato yamezidi kiwango cha sheria aulize dirishani mapema, kabla muda haujapita. Ofisa wa benki ampe jibu kamili na kumtajia sheria, asimwambie tu kwamba mtambo ndio uliokata.

Na mtumishi wa kodi anayeandaa utaratibu mpya ajiulize swali moja kabla hajatia sahihi: kama utaratibu huu utakosea, ni nani atakayetakiwa kuligundua kosa, na je, anao umri, ujuzi na nauli ya kuja kulisema? Uingereza ilichukua tangu mwaka 1894 hadi 2016, yaani miaka 122, kulijibu swali hilo kwa faida ya mtoto.